Maswali yenu: ndege, wavu na jua la Mbeya

Shikamoo fundi. Nikipiga picha ndege wa bandani, wavu ndio unaotoka vizuri, ndege anafifia. Nifanyeje? (Uyole)

Marahaba. Kamera yako inaukamata wavu kwanza. Isogeze lenzi hadi ibaki kama upana wa vidole viwili kuufikia wavu, kama bustani ya wanyama inaruhusu, fungua tundu la lenzi, lile linaloingiza mwanga, hadi mwisho, kisha ngoja ndege arudi ndani ya banda, mbali kabisa na wavu. Hapo nyaya zinayeyuka. Ila chagua upande wa kivuli, maana waya uliopigwa na jua unaacha utando mweupe juu ya picha nzima. Mimi huukinga kwa kofia. Kwa mbuni usijaribu. Hudonoa chochote kinachong'aa, na kifuniko changu cha lenzi kiliondoka hivyo hivyo.

Bustani inafunguliwa saa tatu asubuhi. Mwanga mzuri si umeshapita? (Mafinga)

Umepita, kaka. Huku tuko nyuzi nane, tisa tu kusini mwa ikweta, jua linapanda karibu wima. Ile "saa ya dhahabu" ya vitabu vya Ulaya, yaani mwanga laini wa mawio na machweo, kwetu ni fupi mno. Nenda baada ya saa kumi jioni, au siku ya mawingu ambayo wengine huilalamikia. Mtazame korongo taji: saa sita mchana mashavu yake meupe yanaungua, yanabaki doa tupu. Wingu likitanda, unaweza karibu kuzihesabu nyuzi za taji lake, na ule wekundu wa kooni unatulia.

Tausi wangu katoka mweusi, na bluu niliiona kwa macho! (Njombe)

Bluu hiyo haitokani na rangi iliyopakwa, bali na umbile dogo sana ndani ya nyoya linalorudisha mwanga, na hubadilika kwa pembe. Simama jua likiwa mgongoni kwako, usubiri ageuze shingo. Mimi nilikaa juu ya jiwe dakika arobaini hadi mlinzi akanihurumia kwa kikombe cha chai.

Flashi je? (Iringa)

Zima. Inamshtua ndege, na inang'arisha wavu.

Nina simu tu. Nisubiri ninunue kamera? (Tukuyu)

Usisubiri, mdogo wangu. Futa lenzi kwanza. Mafuta ya vidole ndiyo ukungu mnaoisingizia simu. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Gusa jicho la ndege kwenye kioo, bana viwiko mbavuni. Anza na kanga: madoa yake yakitoka moja moja, umepatia, yakiungana, umetikisika, rudia.