Soneti ya 116: weka vidole mfukoni kwanza

Mkuu, futa hilo jedwali. Umeuliza namna ya kuchambua umbo na urari wa Soneti ya 116 ya Shakespeare, na umbo hilo linabebaje mapenzi. Lakini tayari umeandika "mizani 10" kila mshororo, wa 5 ukaupa 9, ukauita guni, yaani umevunja kanuni za ushairi. Shakespeare guni! Kosa hilohilo lilinila alama, na bwana wa twisheni aliyenilisha madesa yake anayauza mpaka leo.

Mizani yetu ni hesabu ya silabi: ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) 8, utao (nusu ya pili) 8, basi. Soneti ya Kiingereza hupimwa kwa mkazo: miguu 5, kila mguu silabi nyepesi kisha nzito, ta-TA. Hizo 10 ni matokeo tu. Sikio letu nalo linatuponza, maana Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasoma RE-move. Mshororo wa 4 unataka hivi: or BENDS / with THE / re-MO / ver TO / re-MOVE. THE na TO ziguse kidogo, usizigongee kama misumari.

Sasa huo "guni" wako: fixed ya "ever-fixed mark" hutamkwa fix-èd, silabi mbili, 10 zimetimia. Wa 7 ni kinyume: every wandering hubanwa kuwa ev'ry wand'ring. Ukizitamka zote utapata 12 na kumtukana marehemu tena. Wa 6 na wa 8 ina 11 kwa sababu shaken na taken huacha silabi nyepesi mwishoni. Inaruhusiwa, wala haiongezi mguu. Wa kwanza, mguu wa mwanzo umepinduliwa: LET me. Usiunyooshe, andika kwamba umepinduliwa.

Kwa hiyo: soma kwa sauti, weka alama za mkazo kwa penseli, silabi uhesabu MWISHO. Mwisho kabisa!

Vina vya mwisho ni ABAB CDCD EFEF GG (herufi moja, kina kimoja), mishororo 14, vina vya kati usivitafute. Love na remove kutolingana leo si kasoro; matamshi yamebadilika tangu soneti hizi zichapwe 1609.

Jipime na mshororo wa 12, "But bears it out even to the edge of doom". Ukipata 11, even umeitamka yote. Hapo ni silabi moja.