Jeli isipong'aa, anza kwa kuuliza chupa ya damu

Wiki mbili nilimwaga jeli ya kipimo, ile inayopaswa kung'aa kimeng'enya kikifanya kazi, na kutengeneza nyingine, nikiamini kosa ni langu la upishi. Nilikuwa natafuta utendaji wa MMP-9, kimeng'enya kinachokata jelatini, ndani ya plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake. Niliiweka plazma bila kuizimua, na kila nilipopima, vishimo vya sampuli vilikuwa giza. Kumbe damu ilitolewa kwenye chupa za kifuniko cha zambarau! Humo mna EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, inayonasa kalsiamu na zinki, na MMP-9 haifanyi kazi bila madini hayo.

Kwa hiyo kabla hujagusa agarosi, unga wa mwani unaopikwa kuwa jeli, uliza damu ilikusanywa kwenye chupa gani. Mimi sasa naomba ya heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, kifuniko cha kijani. Seramu, majimaji yanayobaki damu ikishaganda, naikwepa: damu ikiganda, chembe zake humwaga MMP-9 zaidi, ukaishia kupima mambo ya chupani.

Jeli yenyewe ni agarosi ya asilimia 1, ile inayoyeyuka kwa joto dogo, ikiwa na jelatini iliyobandikwa fluoresini, rangi inayong'aa ikimulikwa, nyingi mno. Fluoresini zikibanana hivyo huzimana. Kimeng'enya kikikata jelatini, zinaachana. Ukimulika mwanga wa buluu wa nanomita 490 hivi, unaona kijani cha karibu 520. Changanya agarosi ikishapoa hadi nyuzi 40 hivi, na ufunike kwa karatasi ya aluminiamu, maana fluoresini hufifia mwangani.

Imwage nyembamba, milimita 1 inatosha. Kimeng'enya lazima kipenye, na jeli nene hung'aa ukingoni huku katikati pamelala. Nasoma kila dakika 10 kwenye nyuzi 37 na kuangalia kasi ya kupanda, kwa sababu mwishoni hata sampuli dhaifu inaweza kuifikia yenye nguvu. Plazma ikitoa mwanga hafifu usishtuke: MMP-9 nyingi ya damuni bado haijaamshwa, na iliyoamka ina vizuizi vyake.

Vishimo vya kulinganisha usivionee uchoyo. Weka bufa tupu, yaani kimiminika cha kuchanganyia kisicho na sampuli. Weka sampuli uliyoitia EDTA makusudi. Ikiendelea kung'aa, huenda kuna kimeng'enya cha aina nyingine kinachokata. Halafu chukua sampuli hiyohiyo ambayo hukuitia EDTA, uidondoshee MMP-9 safi iliyokwisha kuamshwa. Kishimo hicho kisipong'aa, kabla ya kupika jeli nyingine, rudi kwanza kwa aliyeichota damu. Mimi kishimo hicho sikukiweka hadi wiki ya tatu.