Mtoto mmoja, wazazi pande mbili

Dada, umeuliza mtoto aloasiliwa, yaani alochukuliwa kisheria na shangazi yake awe mwanawe, utamwandikaje kwenye Gramps, ile programu ya kompyuta ya kuandika ukoo. Usimfute mama mzazi eti ndo uweze kumwandika shangazi alomuasili mtoto, wala usimuandike mtoto mara mbili, itakuvuruga baadae. Kwenye Gramps mtu anaweza kuwa kwenye familia mbili: muweke kwa mama mzazi uhusiano uwe wa kuzaliwa, halafu fungua familia ya shangazi na mumewe, mchague huyohuyo mtoto aliyepo tayari, uhusiano weka wa kuasiliwa, kwa baba na kwa mama kila mmoja peke yake. Baba mzazi hajulikani? Acha wazi tu, usibuni jina. Amri ya mahakama iingize kama tukio na tarehe yake. Ila kama mtoto bado hajaambiwa, tafadhali sana, funga kile kikufuli, ile alama ya kuifanya rekodi iwe ya siri, kwenye familia ya kuzaliwa na kwenye hilo tukio, na ukimtumia ndugu faili chagua rekodi za siri zisitoke.