Mada haziishi: kwa nini bado naandika blogu

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuanzisha blogu wakati watu wote wamehamia mitandao ya kijamii, na utaandika nini wakati kila kitu kimeshaandikwa. Nina miaka 11 kwenye kublogu, ngoja nikujibu kwa kirefu kidogo.

Blogu yangu ni ya cherehani. Siandiki habari za mitindo, naandika cherehani zenyewe: kuzifungua, kuzitia mafuta, kuzirekebisha. Mwaka wa pili nilihangaika siku mbili na mashine iliyokuwa inaruka mishono. Nilikaza uzi, nikalegeza, nikabadilisha kitambaa, wapi! Kumbe sindano ilifungwa kinyume. Sindano za mashine nyingi za nyumbani zina upande mmoja bapa pale juu zinapoingia, na upande huo ukielekea kusiko, ndoana ya chini haiudaki uzi. Nikaandika hayo, nikaweka picha mbili za sindano, basi. Kimya.

Miezi minane baadaye mama mmoja akaniachia maoni. Alikuwa amekesha na sare za wanawe, akasoma, akageuza sindano, mashine ikashona. Nilisoma maneno yale mara tatu. Mpaka leo hakuna posti yangu inayosomwa kama ile. Ningeitupia kwenye mtandao wa kijamii, kesho yake ingeshafukiwa na mengine. Blogu inatunza: mtu anaikuta siku anayoihitaji, hata ikipita miaka mitano.

Kuhusu mada, hapo usiumize kichwa. Jorn Barger alipolianzisha neno "weblog" mwaka 1997, ukurasa wake ulikuwa orodha tu ya viungo vya mambo aliyoyaona mtandaoni. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata likawa "blog", na mwaka huohuo huduma ya Blogger ikafungua mlango kwa wasiojua kuandika kodi za kompyuta. Tangu hapo watu wamefanya kila aina ya jambo. Mwaka 2003 kijana aliyejiita Salam Pax alikuwa Baghdad akiandika maisha ya mtaani kwake vita vikiingia. Mwaka 2012 mtoto wa miaka 9 huko Scotland alikuwa akipiga picha chakula cha mchana cha shuleni na kukipa alama. Ninayempenda kuliko wote ni Timothy Gowers, bingwa wa hisabati: mwaka 2009 aliweka swali gumu kwenye blogu yake na kuwakaribisha wasomaji walifanyie kazi pamoja naye kwenye maoni. Baada ya wiki chache walikuwa wamepata uthibitisho. Fikiria, sehemu ya maoni, ile tunayoiona ya kusalimiana tu!

Kuna jambo moja liliniuma. Huduma niliyoanzia ilifungwa, na posti zangu za miaka miwili ya mwanzo zikaenda nayo. Ile ya sindano niliiokoa kwa sababu tu nilikuwa nimeihifadhi kwenye kompyuta. Kwa hiyo nunua domeni yako mapema, yaani anwani ya mtandaoni iliyo yako mwenyewe, na kila unachoandika kiwe na nakala nyumbani. Muonekano, rangi, nembo, hayo yatakuja yenyewe.

Umesema unafuga nyuki. Basi usianze na "karibuni kwenye blogu yangu". Anza na siku uliyofungua mzinga ukakuta malkia hayupo: ulijuaje, mayai yalikuwepo au la, nyuki walikuwa na sauti gani, ulifanya nini, wiki iliyofuata ukakuta nini. Piga picha ya sega lenyewe, hata kama mkono umetetemeka. Ukimaliza tupia kiungo hapa. Mimi sijawahi kufungua mzinga hata siku moja, na hiyo sehemu ya sauti ya nyuki ndiyo nitakayoisoma kwanza.