Swali: Gwaride la heshima kwa askari aliyefariki, bado lina maana au ni maonyesho tu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo padre. Kaka yangu alikuwa mwanajeshi, alifariki akiwa kazini na tumemzika mwezi uliopita. Wenzake walikuja na zile nguo za sherehe, wakabeba jeneza, wakapiga risasi hewani mara tatu, tarumbeta likalia, alafu wakamkabidhi mama bendera iliyokunjwa na kumpigia saluti. Mama alilia sana lakini baadae akasema moyo umetulia kidogo. Sasa mjomba wetu ambaye ameokoka anasema kupigia jeneza saluti ni ibada ya sanamu, na mdogo wangu anasema ni maigizo tu kwa sababu mafao ya kaka mpaka leo tunazungushwa njoo kesho njoo kesho. Mimi nipo katikati. Je hizi heshima bado zina maana yoyote mbele za Mungu? Na zinamsaidia marehemu?

JIBU: Milele amina mwanangu. Poleni sana, wewe na mama na hata huyo mdogo wako mwenye hasira. Umeniuliza maswali matatu ndani ya moja, moja ni jepesi na jingine limenikalia kichwani siku mbili nzima, kwa hiyo vumilia nikienda zigizaga.

Jepesi ni la mjomba. Mwambie asome Mwanzo 23. Ibrahimu amefiwa na mkewe Sara, anatafuta mahali pa kumzika, anawaendea wenyeji wana wa Hethi na anainama mbele yao, sio mara moja, mara mbili, alafu analipa shekeli 400 za fedha anapata pango la kuzikia. Sasa huyu ni baba wa imani na hao Wahethi hawakuwa hata watu wa Mungu wake, mbona hakuna popote Mungu alipomwambia umeabudu watu? Kwa sababu kuinama kule kulikuwa heshima tu. Askari anayepiga saluti mbele ya jeneza haliombi limponye, haliombi mvua, anamuaga mwenzake kwa namna aliyofundishwa kumsalimia akiwa hai, basi. Na Paulo anasema astahiliye heshima apewe heshima.

Ila nisimdharau mjomba, kuna sehemu moja ana pointi. Kuna watu wakishaona bendera juu ya jeneza wanaanza kuongea kana kwamba kufa ukiwa na gwanda ndo tiketi ya mbinguni, nimesikia hotuba za hivyo makaburini nikauma meno. Ndo maana kanisani kwetu sehemu nyingi bendera inatolewa pale mlangoni, jeneza linafunikwa kitambaa cheupe cha kukumbuka ubatizo, na kitambaa cha jenerali na cha kuruta ni kile kile kimoja. Misa ikiisha tunatoka nje na jeshi linaendelea na mambo yake. Hivyo viwili havigombani.

Sasa mdogo wako. Huyu ndo alinikosesha usingizi, maana anachosema ni kizito kuliko cha mjomba ingawa hajataja andiko hata moja.

Hebu tumwangalie mfalme Daudi na wanajeshi wawili waliokufa wakati wake. Wa kwanza ni Abneri, tena huyu alikuwa jemadari wa upande wa Sauli, mfalme aliyemtangulia Daudi, walipigana na Daudi miaka, ndo kwanza wamepatana. Yoabu, jemadari wa Daudi mwenyewe, akamvuta pembeni pale langoni Hebroni akamchoma tumboni kulipiza kisasi cha ndugu yake. Soma 2 Samweli sura ya 3 uone Daudi alivyofanya. Anamwamuru Yoabu, yaani muuaji mwenyewe, ararue nguo zake avae gunia na aomboleze mbele ya Abneri, alafu mfalme mwenyewe anatembea nyuma ya jeneza, analia kaburini kwa sauti, watu wanamletea chakula anakataa mpaka jua lizame. Andiko linasema watu wote wakajua siku ile kwamba kifo kile hakikutoka kwa mfalme. Umeona kazi ya yale mazishi? Hayakuwa mapambo, kila mtu alisimamishwa mahali pake mbele ya maiti, aliyeua akatangulia na mwenye madaraka akafuata nyuma, hakuna aliyepata nafasi ya kujifanya hana habari.

Wa pili ni Uria Mhiti, sura ya 11 ya kitabu hicho hicho. Unaijua habari, Daudi amemchukua mkewe, anamwita Uria kutoka vitani ili ionekane mimba ni yake, na yule bwana anakataa hata kwenda kulala nyumbani kwake akisema wenzangu wamelala kwenye mahema porini mimi nitakulaje na kunywa na kulala na mke wangu. Anarudishwa vitani na barua mkononi, na barua yenyewe inaagiza awekwe mbele penye vita kali alafu aachwe peke yake. Anakufa, na wengine wanakufa naye ambao hata majina hatuyajui. Mjumbe anakuja kutoa ripoti, na Daudi yule yule aliyelia kwa Abneri anasema neno hili lisikuudhi, upanga hula huyu na huyu. Basi. Hakuna jeneza lililofuatwa na mfalme wala chakula kilichokataliwa. Mimi hilo neno "huyu na huyu" huwa linanitisha kuliko dhambi yenyewe, mtu amegeuka hesabu.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini gwaride lina maana, jibu langu ni hilo hapo. Linamlazimisha aliyemtuma mtu vitani aje asimame mbele ya jeneza la mtu huyo. Nchi ikishaanza kuzika askari wake kimya kimya, kwa simu moja na gari moja usiku, jua imeanza kusema huyu na huyu.

Wale watu wa mji wa Yabeshi-Gileadi walilielewa jambo hili bila hata kuwa na tarumbeta. Sauli aliwahi kuwaokoa zamani, mwanzoni kabisa mwa ufalme wake, pale adui alipotaka kuwang'oa kila mtu jicho la kulia. Miaka ikapita, Sauli akafa vibaya, Wafilisti wakamkata kichwa na kuutundika mwili kwenye ukuta wa Bethsheani. Wanaume wa Yabeshi wakatembea usiku kucha, wakaishusha miili, yake na ya wanawe, wakaizika kwao na kufunga siku saba. Na Sauli hakuwa mtu safi, kila mtu alilijua hilo, lakini walikuwa na deni.

Hata hizo risasi tatu zina asili ya namna hiyo (na sio mizinga 21 kama watu wanavyoziita, mizinga 21 ni salamu nyingine kabisa wanayopigiwa marais na wafalme). Inasimuliwa kwamba zamani pande mbili zilikuwa zinasimamisha vita ili kila mmoja aokote wafu wake, na wakimaliza wanapiga risasi tatu kutoa ishara kwamba wetu tumeshawatoa. Yaani maana yake ya kwanza ni kwamba hatujamwacha mtu uwanjani. Mwambie mama hivyo, nadhani ataipenda.

Na zipo nyakati watawala walifanya vizuri. Tarehe 11 Novemba 1920 pale London walimzika askari mmoja asiyejulikana jina, aliyetolewa kwenye viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mfalme George V alitembea kwa miguu nyuma ya jeneza kama Daudi nyuma ya Abneri, ndani ya Westminster Abbey likapita katikati ya watu 100 wenye nishani ya Victoria Cross, ile ya juu kabisa ya ushujaa vitani kwa Waingereza, na wageni wa heshima hawakuwa mabalozi, walikuwa wanawake wapatao 100 ambao kila mmoja alipoteza mume na watoto wake wote wa kiume katika vita ile. Mfalme alitembea mbele ya macho ya hao wanawake. Mimi sijui kama kuna hotuba ingeweza kusema zaidi ya hapo.

Upande mwingine kuna mambo yanafikirisha. Marekani tangu mwaka 2000 sheria inataka kila askari mstaafu anayestahili, familia ikiomba, azikwe na angalau wanajeshi wawili, wakunje bendera na upigwe ule wimbo wa tarumbeta. Sasa wapigaji hawatoshi, kwa hiyo mwaka 2003 wakaleta tarumbeta lenye kifaa cha umeme ndani, askari anaweka mdomoni anajifanya anapuliza na sauti inatoka yenyewe. Mtu aliniuliza kama huo si uongo mbele ya kaburi. Kidogo unanikera, sitaficha, lakini ningechukua wale askari wawili waliosimama kwenye jua na tarumbeta la betri kuliko mpigaji hodari asiyefika. Kilicho cha muhimu ni miguu iliyokuja.

Narudi kwa mdogo wako. Anachokosea ni kudhani kwamba mafao yasipolipwa basi gwaride lilikuwa uongo. Hapana, gwaride lilikuwa kukiri deni hadharani, na mtu akikiri deni mbele ya mashahidi alafu asilipe, kosa ni la kutolipa, kule kukiri hakufutiki, tena kunakupa nguvu ya kumdai. Angalia Daudi tena. Yonathani, mtoto wa Sauli na rafiki wa Daudi, alipokufa vitani Daudi alimtungia wimbo na kuagiza watu wa Yuda wafundishwe, ndo heshima ya kijeshi ya wakati ule. Lakini hakuishia kwenye wimbo, baadae sura ya 9 akauliza kama kuna aliyebaki wa nyumba ile, akaletewa Mefiboshethi mtoto wa Yonathani ambaye ni kilema wa miguu yote miwili, akamrudishia mashamba yote ya babu yake na kumketisha kwenye meza ya mfalme. Wimbo na shamba, vyote. Kwa hiyo endeleeni kufuatilia mafao bila aibu, nendeni na makaratasi yenu, na mkiona mnazungushwa tena mtafuteni padre wa jeshi au afisa aliyemkabidhi mama ile bendera, mkumbusheni alichokisema siku ile, maana huwa wanatoa maneno mazito pale kaburini. Bendera sio risiti.

Kuhusu kama gwaride linamsaidia marehemu. Hapana mwanangu, risasi na saluti hazimfikii, hizo ni za kwenu mliobaki na za wale waliomtuma. Kinachomsaidia yeye ni sala. Na hapa Kanisa letu lina andiko linalohusu wanajeshi kabisa, 2 Wamakabayo sura ya 12. Yuda Makabayo, jemadari wa Wayahudi, na watu wake walirudi kuchukua maiti za wenzao, na walipozivua nguo wakakuta kila mmoja ana hirizi za sanamu chini ya vazi lake. Fikiria, mashujaa wa dini wamekufa na hirizi! Yuda hakuwaacha uwanjani na wala hakujifanya hajaona. Aliwaombea, akachangisha kwa askari wenzao drakma 2000 za fedha akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao, kwa sababu alitumaini ufufuko. Nakwambia hivyo kwa sababu umeandika mwishoni mwa ujumbe wako mambo fulani ya kaka ambayo sikuyaweka hapa, kwamba hakuwa mtu wa kanisa sana. Msome Yuda Makabayo.

Na Uria, usidhani aliachwa hivyo hivyo. Nenda 2 Samweli 23 kwenye orodha ya mashujaa wa Daudi, majina tu yamepangwa kama wanavyoita majina asubuhi kambini. La mwisho kabisa kwenye orodha, Uria Mhiti, wote jumla watu 37. Na Mathayo alipoandika ukoo wa Yesu, jina la mama yake Sulemani hakuliandika, aliandika yule aliyekuwa mke wa Uria.

Nitumie jina la ubatizo la kaka yako, nitaliweka kwenye misa ya tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, na mama akiweza aje na ile bendera nitaibariki.