Kuwasilisha ombi si kupata fedha

Je, mbunge wa Baraza la Wawakilishi la Marekani akitangaza kwenye tovuti yake "mradi wa maji wa jimbo", yaani wa eneo lake la uchaguzi, fedha zimeshatoka? Hapana. Hilo ni ombi tu la kutaka mradi huo uingizwe kwenye bajeti ya serikali kuu. Kwa mwaka wa bajeti 2024 kila mbunge aliruhusiwa maombi yasiyozidi 15, na kanuni za Kamati ya Matumizi, kamati ya Baraza inayoandaa miswada ya matumizi ya serikali, zinamlazimu kuyachapisha yote mtandaoni, pamoja na tamko kwamba yeye na familia yake hawana maslahi ya kifedha humo. Kampuni za biashara haziruhusiwi kunufaika.

Baada ya hapo kamati inachuja, mara nyingi inapunguza kiasi, kisha ni lazima muswada wa matumizi upite mabaraza yote mawili ya Bunge, la Wawakilishi na Seneti, na Rais ausaini. Hapa mradi unaweza kufia. Machi 2025 Bunge lilipitisha bajeti ya kuendeleza viwango vya awali kwa mwaka mzima, na miradi ya majimbo ya mwaka huo ikaachwa nje kabisa, hata ile iliyokuwa imeshapita kwenye kamati. Kwa hiyo tafuta jina la mradi ndani ya sheria iliyosainiwa au jedwali lililoambatanishwa nayo. Taarifa kwa vyombo vya habari haitoshi.