Kanda na faili la simu: ulichokisikia kwenye kivuko

Ndugu yangu, umeeleza kwamba ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga ulisikiliza wimbo mmoja wa dansi mara mbili, kwanza kwenye Walkman, kile kicheza kaseti kidogo cha mkononi, uliyoachiwa na marehemu baba yako mkubwa, kisha kwenye simu, kwa hedifoni zilezile za waya, na kanda ikaishinda simu kwa mbali. Ukauliza kama ni kweli kwamba sauti ya dijitali hukatwakatwa vipande huku ya kanda ikibaki nzima. Nimekusanya kanda na hedifoni hapa Kirumba, Mwanza, kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba masikio yako hayakukudanganya. Tofauti uliisikia kweli, ila haikutokana na hicho unachokidhania.

Nianze na mwendo, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipopotea. Mkanda wa kaseti unatakiwa kupita kwenye hedi, yaani kile kichwa kinachousoma mkanda, kwa sentimita 4.76 kila sekunde, na mashine iliyokaa kabatini miaka 30 mara nyingi haiushiki tena mwendo huo. Walkman yangu ya kwanza niliinunua kwa fundi wa Makoroboi, nikaisifu kwa kila mtu jinsi ilivyochangamsha nyimbo, hadi siku niliposhika saa: wimbo wenye sekunde 360 kwenye CD uliisha kwenye kanda kwa sekunde 350, na kanda ya pili nayo ikatoa tofauti ileile. Mashine ilikuwa inakimbia kwa karibu asilimia 3, kiasi cha kupandisha kila noti kwa karibu robo ya toni, na ndiyo maana mwimbaji alisikika kijana na gitaa likang'aa. Fundi aliingiza bisibisi nyembamba kwenye kitundu kilicho nyuma ya mota, akaizungusha kidogo mno, na ule uchangamfu wote ukaondoka. Iliniuma, lakini tangu siku hiyo siamini ulinganisho wowote ambao haukuanza na saa.

Jambo la pili ni volyumu. Sauti iliyozidi kidogo tu huonekana kuwa bora, hata pale ambapo msikilizaji hatambui kwamba imezidi, na Walkman nyingi zina kitufe cha kuongeza besi ambacho watu hukiacha kimewashwa. Tena ulikuwa kivukoni, ambako mngurumo wa injini hufunika ile "shhh" ya mkanda, yaani hufunika udhaifu mkubwa kuliko yote wa kanda. Kanda ya kawaida isiyo na Dolby, ule mfumo wa kupunguza shhh, ina nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 na kidogo kati ya sauti kubwa kabisa na kelele yake yenyewe. Dolby B, aina yake iliyozoeleka kwenye kaseti, huongeza kama desibeli 10 kwenye sauti nyembamba. CD ina takriban desibeli 96. Isikilize kanda hiyohiyo usiku chumbani, kwenye zile sekunde chache kabla wimbo haujaanza, nawe utaelewa ninachosema.

Tena ulisema faili lako lilitiwa kwenye memori kadi na kijana wa dukani. Faili la aina hiyo aghalabu ni MP3, yaani sauti iliyobanwa kwa kutupa baadhi ya taarifa zake, ya kilobiti 128 za taarifa kwa sekunde, wakati CD hubeba 1,411, na huenda limekwisha kubanwa zaidi ya mara moja kabla ya kukufikia. Ulishindanisha kanda halisi na kivuli cha wimbo.

Sasa hoja ya vipande. Ni kweli kwamba CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, lakini kinachotoka kwenye tundu la hedifoni si ngazi wala vipande. Ni wimbi laini, na vipimo hivyo vinatosha kulirudisha kila wimbi lililo chini ya hetsi 22,050, yaani mitetemo 22,050 kwa sekunde, mpaka ambao sikio la mtu mzima haliufikii. Hili sikulipokea kwa kuambiwa. Wapenzi wanne wa hedifoni tulikutana kwangu, tukarekodi kanda nzuri kwenye kompyuta kwa kipimo cha CD, tukasawazisha volyumu kwa mita ya fundi, kisha mmoja akakaa nyuma ya pazia akibadilisha kati ya kanda na nakala yake. Nilisikiliza hadi masikio yakachoka, na nikawa kama mtu anayebahatisha kwa kurusha shilingi: joto lote la kanda, shhh yake na kuyumba kwake, vilikuwa ndani ya nakala. Tulipogeuza, tukarekodi CD kwenye kanda ya kromu, ambayo ni bora kuliko kanda ya kawaida, kila mmoja wetu aliitambua kanda ndani ya sekunde chache, hasa kinanda kinaposhikilia noti ndefu.

Kwa hiyo dijitali inaweza kuibeba kanda nzima, na kanda haiwezi kuibeba CD nzima. Hilo halinifanyi nizitupe kanda zangu. Ninayo moja yenye mashindano ya ngoma ya Wagalu na Wagika, yale makundi mawili hasimu ya wachezaji wa Kisukuma, iliyorekodiwa kwa redio kaseti katikati ya umati, na sijapata kuisikia ngoma ile mahali pengine popote.

Ukitaka kuitendea haki kanda ya baba yako mkubwa, kwanza itazame kwenye mwanga: ukiona unga mweupe kandokando ya mkanda, huo ni ukungu wa unyevunyevu wetu wa ziwani, usiicheze. Kama ni safi, futa hedi na roda ya mpira inayoubana na kuusogeza mkanda kwa pamba yenye spiriti, na urudie kwa pamba mpya hadi isitoke tena na rangi ya kahawia. Kisha tafuta skrubu ndogo iliyo pembeni mwa hedi. Vaa hedifoni, cheza sehemu yenye sauti ya mtu, uizungushe polepole, chini ya robo mzunguko, huku ukisikiliza herufi "s". Mahali "s" inapofunguka na kuwa kali kuliko popote, hedi imelingana na mkanda huo. Iache hapo, rekodi pande zote mbili kwenye kompyuta bila kubana, kisha linganisha na CD, ukiwa nchi kavu.